Betrave katika bustani ya jamaa: tuipande lini, tuitunze namna gani?

Mwaka mmoja tulinunua mjini Bukavu pakiti ya mbegu za betrave. Juu ya karatasi yake palikuwa na picha nzuri ya mizizi myekundu, na chini ya picha maneno haya: panda tangu Aprili hadi Julai. Tulikuwa na haraka, tukatii. Katika juma la kwanza la Juni tulitengeneza matuta matatu, tukasia mbegu, tukangoja. Mvua ilikuwa imekwisha kutuaga. Miche michache ilichomoza, ikasimama pale pale bila kukua, na mwishoni mwa Agosti tulivuna mizizi minene kama kidole gumba, migumu kama kuni. Fedha za mbegu zilipotea, na jasho la wiki nyingi likapotea pia.

Mwenye duka hakukosa, wala mbegu hazikukosa. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, nasi tuliisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya milima ya Kivu. Kosa ni letu, na twalisimulia bila haya, kwani twajua kwamba jamaa nyingi zimeanguka katika shimo hilo hilo. Basi leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaeleza polepole jinsi betrave inavyopandwa katika nchi isiyo ya joto kali wala ya baridi kali. Akina baba na akina mama watapata humu faida ya bustani na ya chungu. Wanafunzi watapata somo la kujaribu kwa mikono yao wenyewe.

Betrave ni mmea gani?

Sisi wa Kongo tumezoea kuiita betrave, kwa jina la Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita bitiruti. Ni mmea mmoja. Mzizi wake ni mviringo kama ngumi ya mtoto, mwekundu nje na ndani. Majani yake ni marefu, yenye mshipa mwekundu katikati. Tena si mgeni kabisa katika ukoo wa mboga zetu, kwa maana ni ya jamaa moja na lengalenga. Anayejua kula lengalenga asiogope kula majani ya betrave.

Asili yake ni pwani za bahari za Ulaya na za upande wa Mediterania, ambako betrave ya mwitu humea hata leo karibu na maji ya chumvi. Watu wa kale walikula majani yake kwanza. Mzizi mnene ulikuja baadaye, kwa kuchagua mbegu bora mwaka hata mwaka.

Betrave yetu nyekundu inao ndugu mweupe aliye mashuhuri kuliko yeye, ndiye betrave ya sukari. Mwaka 1747 mtaalamu mmoja wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha kwamba sukari iliyomo katika betrave ni ile ile ya miwa. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, alijenga kiwanda cha kwanza huko Silesia, nacho kilianza kazi mwaka 1802. Kisha vita vya Napoleon vikazuia sukari ya miwa isifike Ulaya. Hapo Wafaransa wakashika betrave kwa nguvu, na mwaka 1811 Napoleon aliamuru hektari 32,000 zipandwe. Hata leo karibu sehemu moja katika tano ya sukari yote ya dunia yatoka katika betrave. Sehemu nyingine zote zatoka katika miwa. Lakini sisi wenye miwa hatuna haja ya kuhangaika na betrave ya sukari. Tuzungumze juu ya betrave nyekundu ya mboga.

Kwa nini karatasi za Ulaya hazitufai

Betrave yapenda hewa ya kiasi. Yakua vizuri kuliko popote pale joto la mchana na usiku likichanganywa likiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Joto likizidi sana, mzizi hubaki mdogo, na ukikatwa huonekana una pete nyeupe nyeupe, tena utamu wake hupungua. Baridi ikizidi, mbegu hukaa udongoni wiki mbili au tatu pasipo kuota.

Sasa tazameni jinsi mkulima wa Ubelgiji anavyofikiri. Adui yake ni baridi. Wakati wa Desemba na Januari udongo wake ni baridi kama barafu. Hungoja mpaka katikati ya Aprili, ardhi ianze kupata joto, ndipo husia. Akisia mapema mno, miche ikapigwa na baridi wiki kadhaa, mmea hudanganyika: hudhani mwaka umekwisha kupita, hutoa shina na maua, na mzizi huwa mgumu usiolika. Kwa maana betrave ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza huweka akiba katika mzizi. Baridi ikipita, mwaka wa pili hutumia akiba hiyo kutoa maua na mbegu. Mkulima huyo akichelewa kupita Julai, baridi ya mwisho wa mwaka itamkuta hajavuna. Hiyo ndiyo sababu ya maneno yale: tangu Aprili hadi Julai.

Sisi wa milimani adui yetu si baridi. Mji wa Bukavu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na joto lake mwaka mzima ni karibu nyuzi 20. Butembo na vilima vya Lubero viko juu zaidi. Hewa yetu ni ya kiasi miezi yote kumi na miwili. Betrave ingeweza kukaa shambani wakati wowote, kama isingekuwa na kiu. Basi kwetu swali si: je, baridi imekwisha? Swali ni: je, maji yapo kwa siku 70 zijazo?

Kalenda ya nchi zetu

Betrave yahitaji siku 55 hadi 70 tangu kusia hata kuvuna. Kwenye miinuko mirefu ongezeni wiki mbili au tatu. Yeyote atakaye kusia na ahesabu kwanza siku hizo kwa vidole, aone zitaishia wapi.

Katika milima ya Kivu Kusini mvua huanza Septemba, nayo huendelea hata Mei, ikipumzika kidogo pengine mwezi wa Januari au Februari. Juni, Julai na Agosti ni ukavu. Wakati mzuri wa kwanza ni tangu mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Msisie kwa mvua ile ya kwanza kabisa, kwani mara nyingi hunyesha siku mbili, kisha hunyamaza juma zima, na miche iliyochomoza hukauka. Ngojeni udongo ulowe hata urefu wa kiganja. Mwenye kusia tarehe 10 Oktoba atakuwa na betrave mezani siku ya Noeli. Wakati wa pili ni tangu katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi. Mavuno yatapatikana kabla ya mvua kuaga. Kusia mwezi wa Mei ni kucheza bahati nasibu.

Katika Kivu Kaskazini, upande wa Butembo na Lubero, karibu na mstari wa ikweta, mvua huja kwa vipindi viwili: Machi hadi Mei, tena Agosti au Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Huko sieni mara mvua ikisimama imara katika kila kipindi.

Je, wakati wa ukavu hatupandi kabisa? Twaweza, lakini mabondeni tu, karibu na kijito au kisima, pale ambapo jamaa hulima mboga Juni na Julai. Inueni matuta yenu sentimita 25 au 30, kwani betrave yapenda unyevu lakini yachukia kusimama ndani ya maji. Mzizi uliozama huoza.

Ndugu zetu wa Lubumbashi wana kalenda nyingine. Kwao mvua ni moja kwa mwaka, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na baada yake huja miezi ya ukavu yenye usiku wa baridi. Miezi hiyo ya baridi ndiyo inayofaa betrave, maadamu kuna maji ya kumwagilia. Wasie tangu Aprili hadi Julai, wavune kabla ya joto kali la Oktoba. Ajabu yake ni kwamba kwao miezi ya karatasi ya Ulaya yafaa, ingawa kwa sababu nyingine kabisa!

Nao wanaokaa Kisangani au Kindu, katika nchi ya joto na ya chini, twawashauri kwa moyo mweupe wasipoteze fedha. Watapata majani mengi na mizizi midogo. Lengalenga yao na sombe yao ni bora zaidi.

Kutayarisha udongo

Betrave ni mzizi; mzizi hauwezi kunenepa ndani ya jiwe. Limeni kwa kina cha sentimita 25, ondoeni mawe na mizizi ya majani, vunjeni mabonge yote. Kwenye mteremko pangeni matuta kukingama mlima, kamwe msiyaelekeze bonde, maana mvua moja kubwa yatosha kuchukua mbegu na udongo pamoja.

Tuta la jamaa moja na liwe na upana wa mita 1 na sentimita 20, na urefu wa mita 5. Mtu aweza kufikia katikati yake kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga. Juu yake mwageni ndoo tatu za lita 10 za mbolea iliyooza vizuri, ile iliyo nyeusi na isiyo na harufu, mkaichanganye na udongo. Jihadharini na samadi mbichi. Wengi hufikiri: mbolea nyingi, mavuno mengi. Sivyo kwa betrave. Samadi mbichi hufanya majani kuwa makubwa kama ya tumbako, na chini hamna kitu, au kuna mzizi wenye matawi matawi. Kama shamba lilipewa samadi kwa ajili ya kabichi msimu uliopita, pandeni betrave hapo bila kuongeza nyingine.

Jambo la pili: betrave haipendi udongo mchachu, na udongo wa milima yetu mara nyingi ni mchachu kwa sababu mvua huosha chokaa yake. Dawa yake iko jikoni kila siku: majivu ya kuni. Tawanyeni makonzi mawili kwa kila mita ya mraba, wiki mbili kabla ya kusia, na mchanganye na udongo. Yasizidi hapo.

Tena msipande betrave mahali palipotoka betrave au lengalenga. Wadudu na magonjwa ya jamaa moja hukaa wakingoja. Fuatisheni maharagwe, kisha betrave, kisha kabichi au vitunguu.

Siri ya mbegu

Wanafunzi, chukueni mbegu moja ya betrave, mwitazame kwa makini. Ni chembe iliyokunjamana, ngumu, kama kijiwe cha kahawia. Kwa kweli si mbegu moja, bali ni matunda madogo yaliyoshikamana, na ndani yake mna mbegu mbili, tatu, pengine nne. Ndiyo maana mtu husia chembe moja, akaona miche mitatu ikitoka katika tundu moja kama watoto pacha. Asiyejua siri hii hufurahi, akisema: mbegu zangu zina baraka! Asubirini mwezi mmoja. Miche mitatu hugombania chakula cha mmoja, na wote hubaki wembamba.

Usiku wa kabla ya kusia, lowesheni mbegu katika maji, zilainike ganda. Asubuhi fanyeni mistari minne kwa urefu wa tuta, yenye nafasi ya sentimita 30 baina yake. Chimbeni mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 2, wekeni chembe moja kila sentimita 5, fukieni kwa udongo laini, gandamizeni kidogo kwa kiganja. Kwa tuta kama hilo gramu 8 hadi 10 za mbegu zatosha. Kisha mwagilieni polepole kwa chombo chenye matundu madogo. Tandazeni majani makavu kidogo juu, ili mvua nzito isifanye udongo kuwa mgumu kama sakafu. Lakini yaondoeni mara miche ikichomoza. Katika udongo wa vuguvugu miche huonekana kati ya siku ya 5 na ya 10.

Jamaa yenye busara haisii tuta zima siku moja. Husia mstari mmoja leo, wa pili baada ya wiki mbili, na kadhalika. Hivyo chakula hakiji chote kwa mara moja, wala hakiishi chote kwa mara moja.

Kazi inayoumiza moyo: kupunguza miche

Miche ikifikia urefu wa kidole, yapasa kuipunguza. Hapa ndipo wakulima wengi hushindwa, si kwa uvivu, bali kwa huruma. Mama hutazama miche mizuri ya kijani, akasema: niing'oe namna gani, nami niliinunua? Akaiacha yote. Mwishoni huvuna majani.

Fanyeni kwa hatua mbili. Mara ya kwanza, mche ukiwa na majani mawili au matatu ya kweli, acheni mmoja tu katika kila tundu, ulio imara. Msiivute mingine kwa nguvu, maana mizizi imeshikana, mtamng'oa hata yule mnayemtaka. Ikateni kwa ukucha au kwa mkasi usawa wa udongo. Mara ya pili, baada ya wiki tatu hivi, acheni sentimita 10 kati ya mche na mche. Miche mtakayoitoa mara hiyo ya pili haitupwi: majani yake ni laini mno, yapikeni siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna mahali palipobaki wazi, chache zaweza kuhamishwa jioni ya mvua pamoja na udongo wake, ingawa betrave haipendi sana kuhamishwa.

Maji, palizi na adui

Betrave yahitaji kama lita 25 za maji kwa kila mita ya mraba kwa juma. Mvua isiponyesha, tuta letu la mita 6 za mraba litataka ndoo mbili za lita 10 kila siku. Lililo baya zaidi ni maji yasiyo na mpango: kiu juma zima, kisha gharika. Hapo mizizi hupasuka.

Palilieni mapema, kwa mkono au kwa jembe dogo, bila kujeruhi mzizi, kwani kidonda chake hutoa maji mekundu na kualika uozo. Mabega ya mzizi yakitokeza juu, yafunikeni kwa udongo kidogo.

Adui ni hawa. Wa kwanza ni kiwavi mnene wa udongoni, akataye miche usiku usawa wa ardhi. Mkiona mche umelala asubuhi, chimbeni kando yake kwa kidole, mtamkuta amejikunja, muueni. Wa pili ni konokono, wa tatu ni ndege wapendao majani machanga. Matawi ya miiba juu ya tuta huwazuia. Kuku ni adui wa nne, naye ni wetu wenyewe. Kuna pia funza wadogo wanaotoboa njia ndani ya jani. Ling'oeni jani hilo, mlichome. Madoa ya mviringo ya rangi ya majivu yenye ukingo mwekundu ni ugonjwa wa ukungu: ondoeni majani yaliyoambukizwa, mpate hewa kati ya mimea, na msirudishe betrave hapo kwa miaka miwili au mitatu.

Kuvuna na kupika

Mzizi ukifikia upana wa sentimita 5 hadi 7, uvuneni. Wengi huuacha ukue zaidi, wakidhani kwamba mkubwa ni bora. Mzizi uliozeeka huwa na nyuzi kama mti. Shikeni majani karibu na mzizi, mvute polepole. Majani yakateni mkiacha vikonyo vya sentimita 3 hivi. Mkia wa chini msiukate. Ukikatwa, mzizi hutoka damu yake yote chungutizi, na mezani hufika mweupe na usio na ladha. Usihifadhiwe juani. Ndani ya sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa baridi, hukaa wiki kadhaa.

Osheni, chemsheni mzima na ganda lake kwa muda wa dakika 40 hadi 60, mpaka kisu kiingie bila kushindana. Kisha ganda hutoka lenyewe kwa vidole. Kateni vipande, tieni kitunguu, chumvi, mafuta kidogo na maji ya ndimu. Majani yapikwe kama lengalenga, lakini kwa muda mfupi. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya chakula hicho, msiogope; ni rangi tu ya betrave, nayo hutokea kwa watu wengine. Lakini mkojo ukiwa mwekundu kwa mtu asiyekula betrave, aende kwa daktari bila kukawia.

Hesabu ndogo

Tuta letu lina mistari minne ya mita 5, yaani mita 20. Kwa nafasi ya sentimita 10, hiyo ni mimea 200. Tuseme robo imeharibika. Yabaki mizizi 150. Mzizi mmoja una gramu 150 hivi, basi mavuno ni kilo 22 na nusu. Jamaa ikila mizizi 50, yabaki 100 ya kupeleka sokoni, yaani mafungu 25 ya mizizi minne minne. Wanafunzi, andikeni katika daftari bei ya mbegu na bei ya fungu katika soko lenu, mtoe hesabu ya faida. Mbegu zenyewe itawabidi kuzinunua kila mara, kwa kuwa katika milima yetu betrave hukosa baridi ndefu ya kuifanya itoe maua.

Betrave si damu

Sasa twafika kwenye neno ambalo lingetutosha kuandika makala haya hata kama hakuna mtu atakayepanda mbegu moja.

Watu wengi husema: betrave huongeza damu. Hutazama rangi, wakaamini. Mama mmoja jirani yetu, mama mwema na mwenye bidii, alikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alipata homa, homa ikapungua, lakini akabaki mnyonge, viganja vyeupe. Mama akaambiwa: mpe maji ya betrave. Akampa asubuhi na jioni siku sita. Alifanya hivyo kwa upendo, wala hakulala. Siku ya saba mtoto alikuwa akihema upesi upesi kama aliyekimbia, hawezi tena kuketi. Walimbeba hata hospitali, na daktari alikuta malaria imekwisha kula damu yake. Wakampa damu usiku ule ule. Mtoto aliishi. Daktari aliwaambia wazazi kwamba siku moja zaidi ingetosha kumpoteza.

Ukweli ni huu. Gramu 100 za betrave zina chuma kisichofikia miligramu 1. Mama mjamzito ahitaji miligramu 27 kwa siku. Angetaka kuzipata katika betrave pekee, ingembidi kula zaidi ya kilo 3 kila siku, na hata hivyo mwili ungechukua sehemu ndogo tu. Maharagwe yana chuma kingi kuliko betrave. Nyama, maini na sambaza za ziwa zina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi. Haimaanishi kwamba betrave haina kazi. Ina vitamini iitwayo folati, inayosaidia mwili kujenga damu, nayo yafaa sana kwa wajawazito; majani yake yana vitamini A. Ni chakula chema kando ya maharagwe na samaki. Lakini si dawa ya malaria, wala haichukui nafasi ya damu iliyokwisha kupotea. Na mtu mwenye mawe katika figo amwulize daktari kabla ya kula nyingi.

Basi wazazi, mtoto akiwa na viganja vyeupe, au akigeuzwa kope mkaona weupe ndani yake, au akihema upesi, au akilegea: msimenye betrave. Mbebeni siku hiyo hiyo hata kituo cha afya. Betrave atakula akirudi.

Neno la mwisho

Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Betrave ni mgeni mwema, lakini mgeni hupokewa kwa desturi za nyumba anayoingia. Tangu mwaka ule wa hasara tumejizoeza jambo moja. Tukinunua pakiti ya mbegu, iwe ya betrave, ya karoti au ya kabichi, hatuifungui kabla ya kuandika juu yake, kwa kalamu ya risasi, tarehe yetu wenyewe: leo twasia, siku fulani tutavuna, na mvua hukoma mwezi fulani. Tarehe ya kuvuna ikipita mwezi wa mvua, twairudisha pakiti kabatini, mahali pakavu, ingoje wakati wake. Mwaka uliofuata tulisia katikati ya Oktoba. Mistari minne ile ile, katika udongo ule ule, ilitupatia vikapu viwili.